Mrejesho: safari ya kujifunza son nchini Kuba

Wadau, niliwauliza mpiga gitaa wa muziki wa dansi aende wapi Kuba kujifunza son, muziki wa asili wa huko, na kama ni lazima ajiandikishe chuoni. Nawashukuru nyote mlionijibu, nimesharudi.

Nilifuata ushauri wa kutoishia Havana. Nilikwenda Santiago de Cuba, nikapanga chumba katika nyumba ya familia, nikajifunza kwa mwalimu binafsi anayepiga tres, lile gitaa lenye jozi tatu za nyuzi. Alikuwa akinigongea gotini klave, mdundo unaoiongoza son, huku mimi nikipiga, na kila nilipoliegemea pigo la kwanza, ambalo besi ya son hulitangulia badala ya kulisubiri, alinirudisha mwanzo bila kusema neno. Jioni nilikwenda kwenye ukumbi wa muziki wa Casa de la Trova kuwasikiliza wakongwe wakiyafanya yale yale kwa wepesi wa kukatisha tamaa. Aliyenihimiza nibebe nyuzi za akiba na yuro taslimu Mungu ambariki, kwani nyuzi huko ni adimu na kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi.

Guantánamo, hata hivyo, niliambulia kidogo. Changüí, muziki wa asili wa huko, haiongozwi na klave, na juu ya mvumo wa marímbula, ndugu wa ilimba ya Wagogo, tres hukwepa mapigo makuu kiasi kwamba sikupata pa kuingilia. Anayeitaka changüí aitengee safari yake pekee, tena abebe kinasa sauti cha betri, maana umeme hukatika mara kwa mara.