Fundi kaniharibia kibaraza na steini ya zege, nikimuuliza ananiambia eti ni antiki, yaani mtindo wa kizamani!

Wakuu habari za mchana, naandika huku nimekaa kwenye kiti cha plastiki ambacho kila nikikisogeza kinaondoka na kipande cha sakafu yangu.

Iko hivi. Nina kinyumba changu huku Mkonze, mwezi wa saba nikamwaga zege kibaraza cha nyuma, mita nne kwa tano, pa kukaa jioni na wageni. Nikasema safari hii sitaki oksaidi nyekundu ya kila nyumba, nataka ile steini ya asidi, ile kahawia inayotokea mabaka mabaka kama jiwe. Nikapewa fundi mmoja, simu kubwa, picha za kazi kibao (leo sidhani kama hata moja ni yake). Laki tatu ya ufundi, vifaa juu yangu.

Zege limemwagwa Jumatatu, Jumatano ya wiki inayofuata jamaa kashafika na madumu yake. Siku tisa! Nikamuuliza mbona mapema, akasema "bosi jua la Dodoma hili, zege linakauka chap." Na mimi nikakubali, hapo ujinga ni wangu. Kumbe kukauka kwa juu ni kitu kimoja na kukomaa ni kingine, zege linataka umwagilie, lifike kama siku 28 ndio ulisogelee na mambo ya rangi.

Halafu akaniomba hela ya asidi ya kusafishia vigae, eti anafungua matundu ya sakafu. Akaweka asidi kwenye ndoo kwanza ndio akamimina maji juu yake, ikafoka, moshi ukampanda usoni, akarudi nyuma anakohoa mpaka mke wangu akatoka jikoni. Asidi ndio inatiwa kwenye maji taratibu, sio maji kwenye asidi, hata mtoto wa form two anajua! Na hiyo kuosha kwenyewe ndiko kulikoua kazi, maana steini ile sio rangi ya kupaka juu, inakula chokaa iliyomo ndani ya saruji na hapo ndipo rangi inapotokea, sasa wewe chokaa ya juu umeshaimaliza na asidi yako ya vigae unategemea steini ipate nini?

Steini akapiga saa nane mchana, sakafu ukikanyaga peku unaruka. Ikakaukia njiani kabla haijafanya kazi. Upepo wetu huu mnaujua, vumbi lote la barabarani likatua humo humo. Baada ya hapo ilitakiwa aue asidi kwa magadi kidogo kwenye maji, asugue na brashi, asuuze mpaka maji yatoke meupe. Yeye kapitisha dekio mara moja, tena na maji ya kisima yenye chumvi, kesho yake asubuhi sakafu bado imelowa akafunika na siila, ile dawa ya juu ya kuziba na kung'arisha sakafu.

Baada ya wiki siila ikawa nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Unyevu umefungiwa chini hauna pa kutokea. Sasa inabambuka, ukiivuta na kucha inatoka utando kama plastiki ya daftari, na chini yake kuna unga wa mabaki ya asidi ambayo hayakusuuzwa, ukigusa unabaki kidoleni.

Nimemwita mzee mmoja jirani, amepiga tarazo miaka mingi. Nikamwamkia, hata kukaa hakukaa. Akaenda kwenye kona pale chini ya tenki ambapo yule kijana hakufika, akamwagia maji ya kikombe, maji yakakaa shanga shanga. "Unaona mwanangu? Niru, huu uso laini wa saruji, imechapwa mpaka inang'aa, hapa panataka msasa kwanza. Sakafu isipokunywa maji haiwezi kunywa rangi." Kikombe cha maji tu wakuu! Mimi nimetoa laki tatu.

Fundi nikampigia, akasema "bosi hiyo inaitwa antiki, wazungu wanailipia." Tangu hapo hapatikani.

Sasa mzee anasema hakuna ujanja, siila yote itolewe kwa mashine ya kusagia tarazo, kuosha, kisha liachwe likauke vizuri ndio tuongee. Mwenye mashine hiyo hapa Dodoma anayekodisha kwa siku na sio kwa mita aje PM. Ila ukianza na habari za antiki nakublock.