Nisubiri iPhone mpya ya Septemba au ninunue iliyopo sasa? Naombeni ushauri

Mama_Vitenge

Habari zenu wakuu.

Naombeni ushauri, hasa nyie mnaojua mambo ya simu. Mimi nauza vitenge na batiki mtandaoni, niko Mbagala Rangi Tatu. Kazi yangu yote iko ndani ya simu. Asubuhi napiga picha jua likiwa bado laini, saa mbili usiku naingia laivu, wateja wanaagiza, naandika, kesho yake napeleka mizigo kwenye mabasi.

Simu yangu ni iPhone 11, niliinunua ya mtumba mwaka 2021. Imenitumikia sana, lakini uwezo wa betri sasa umeshuka hadi asilimia 71. Juzi niko laivu, nimenyanyua kitenge cha mwisho, cha manjano ya bizari, mteja wa Mwanza anauliza bei, kioo kikawa cheusi tii. Nikabaki naona uso wangu mwenyewe kwenye kile kioo, kitenge mkononi. Mpaka nikachomeka chaja ya mume wangu (yeye ana Samsung) na simu ikawaka, watu 140 waliokuwa wananitazama walishaondoka.

Sasa nasikia toleo jipya linatoka Septemba, kamera nyingine kabisa, betri inakaa siku mbili. Kila ninayemuuliza ana habari yake. Nisubiri hiyo au ninunue iliyopo madukani? Mimi akili yangu inaegemea kusubiri.

Nawasilisha.

Kobe_Mzee

Dada, tenganisha mambo mawili. Kwamba kuna kitu Septemba, hilo halina shaka kubwa, maana tangu 2012 Apple wanatangaza matoleo makuu ya iPhone mwezi huo. 2020 tu ndiyo walisogea hadi Oktoba kwa sababu ya korona. Lakini kwamba betri itakaa siku mbili, hizo ni habari za vijiweni.

Septemba 2017 hao hao Apple walisimama jukwaani wakaonyesha AirPower, kimkeka cha kuchajia vitu vitatu kwa pamoja. Watu wakasubiri. Machi 2019 wakasema hakitatoka tena. Hicho walikitangaza wenyewe kwa vinywa vyao, sembuse hiki tunachokisikia kwa watu?

Faida ya kusubiri ipo, ila iko kwenye simu ya mwaka jana. iPhone 15 ilianza kwa dola 799. Ilipotoka 16, Septemba 2024, ya 15 ikashushwa hadi 699.

Mtumishi_Mwema

Samahani nitasema ukweli. Tumekuwa watumwa wa tunda lililong'atwa. Kitenge hakiulizi kimepigwa picha na simu gani. Mama yangu alisomesha watoto sita kwa kuuza maandazi na hakuwahi kumiliki hata simu ya tochi. Chukua Tecno au Infinix ya laki nne, hela inayobaki ongeza mtaji.

Mama_Vitenge

@Mtumishi_Mwema nakuheshimu, lakini wateja wangu wanaangalia rangi. Nikipiga picha zambarau ikaonekana bluu, mzigo unarudishwa na nauli ya basi nalipa mimi. Hilo limenikuta mara tatu mwaka huu nilipoazima simu ya mdogo wangu.

Fundi_wa_Aggrey

Dada Mama Vitenge, mbona hakuna aliyekugusia betri? Tatizo ulilolieleza ni betri, na betri ni kitu cha kubadilisha.

Betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Kuanzia 15 ndiyo mara 1,000. Wewe laivu kila usiku, mara 500 ulishazipita zamani. Halafu joto. Wenyewe wanasema simu itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35. Sasa Mbagala mwezi wa pili, simu juani inapiga picha vitenge huku iko kwenye chaji, unategemea nini?

Betri nzuri na ufundi ni kama elfu 80. Kazi ya saa moja. Halafu hiyo Septemba uingoje ukiwa umetulia.

Swali langu: bajeti yako shilingi ngapi, na hela ipo mkononi?

Ngosha_wa_Ziwani

Nyie mnaongelea Septemba, mimi naukumbuka Juni 2016. Nilikuwa Mwanza, nimenunua simu inang'aa, jina la kampuni kubwa, bei ya kutupa. Tulitangaziwa miezi na miezi kwamba simu bandia zitazimwa, nikasema hao TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wanatisha watu tu. Usiku wa tarehe 16 nikalala na simu. Asubuhi ya tarehe 17 ninayo ile ile, inawaka, ina picha zangu, lakini mtandao hakuna. Ikabaki ya kucheza nyimbo. Mke wangu wa sasa ndiyo wakati ule namtafuta, akajua nimemkimbia.

Kwa hiyo dada popote utakaponunua bonyeza *#06#, ile namba itakayotokea kwenye kioo itume kwenda 15090, subiri jibu ndipo utoe hela. Jibu kwanza, hela baadaye.

Mama_Vitenge

Asanteni wote. @Fundi_wa_Aggrey bajeti ni 2,800,000 na sehemu ya hela iko tayari. Betri nimeifikiria, ila kuweka elfu 80 kwenye simu ninayoiacha naona kama kumwaga maji mchangani.

Fundi_wa_Aggrey

"Sehemu ya hela iko tayari" maana yake nini? Iko benki, iko kibubu, au iko kwa mtu?

Mama_Vitenge

Nilitaka nisiseme ili nipate ushauri usioegemea upande. Kuna kijana ana meza Kariakoo, nimemtumia kianzio cha 1,200,000. Yeye anafuata mzigo Dubai, ameniandika kwenye orodha ya watu watakaopata toleo jipya wiki ile ile linapotoka. Jumla 2,800,000, iliyobaki namalizia simu ikifika. Si tapeli, aliwahi kumletea jirani yangu simu na ikafika. Risiti alinipa, kaandika kwa mkono na kusaini.

Kobe_Mzee

Dada yangu. Simu ambayo wenye kiwanda hawajaitaja bei, yeye bei ameitoa wapi?

Deira_Mpaka_Tanga

Mimi niko Dubai mwaka wa nane sasa, nisikilize. Kuanzia iPhone 17, iliyotoka Septemba 2025, simu hizo zinazouzwa huku Emirati hazina tundu la laini. Oman, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain ni hivyo hivyo. Za Marekani hazina tangu iPhone 14 ya 2022. Zinatumia laini ya kidijitali peke yake, ile isiyo na kadi.

Wewe ni mfanyabiashara, nina hakika una laini mbili za kupokelea hela. Umemuuliza kijana wako kuhusu hilo? Kama biashara yake kweli ni kuleta simu kutoka huku, hilo ndilo lilipaswa kuwa neno lake la kwanza kwako. Nimeshaona mtu kashuka na simu mpya, anaigeuza pande zote nne anatafuta pa kuweka laini.

Mama_Vitenge

Hakuniambia. Laini ninazo mbili kweli, na moja ndiyo wateja wote wanaijua.

Karisa_wa_Kongowea

Dadangu, mimi niko Mombasa, simu sizijui sana ila hesabu nazijua. Milioni moja na laki mbili, kamili, bila hata elfu moja juu yake. Pesa ya kitenge haiji hivyo, pesa ya kitenge huja na mia tano mia tano. Huku kwetu chama cha akina mama kumi na wawili, kila mmoja laki, chatoa pesa ya sura hiyo hiyo.

Niambie nimekosea. Hiyo pesa ni ya nani?

Ngosha_wa_Ziwani

Karisa umeuliza swali la mahakamani.

Mtumishi_Mwema

Kimya tangu saa nne asubuhi. Nilisema mimi.

Mama_Vitenge

Nipo. Nilikuwa nafunga mizigo.

Ni hela ya mchezo wa kupeana kwa zamu. Tuko 12, laki moja kila wiki mbili. Kijumbe, yaani mkusanyaji wa hela, ni mimi. Hela huwa inakaa kwangu siku chache kabla ya kukabidhiwa. Raundi hii ni ya mama mmoja anayeuza samaki Feri, anatakiwa apewe Ijumaa. Leo Jumatatu.

Sikuichukua kwa nia mbaya. Kijana alisema nafasi mbili tu zimebaki kwenye orodha. Nilijua mwisho wa mwezi nitairudisha, maana nina mzigo wa batiki wa harusi, na raundi yangu mwenyewe ni ya tisa. Nilipiga hesabu nikaona inaingia. Daftari lipo hapa mbele yangu, majina kumi na mawili, jina lake nimeshalizungushia wino mwekundu kama ninavyofanya siku zote. Silali.

Shangazi_Tandika

Mwanangu, nimekuwa kijumbe miaka tisa. Ujumbe wa mchezo ni dhamana. Ile hela ikipita mkononi mwako inapita kama maji ya wudhu, huyanywi. Siku mchezo wetu ulipoyumba, 2019, mwanamke mmoja alihama mtaa usiku, godoro kichwani, watoto wanamfuata. Mpaka leo mama yake akipita sokoni watu wanashusha sauti.

Waite wenzako kabla ya Ijumaa. Ukiwaambia Jumatano wewe ni mtu aliyekosea. Wakijua wenyewe Ijumaa wewe ni mwizi.

Mama_Vitenge

Shangazi, nikiwaambia hawataniamini tena. Si bora nimbembeleze huyu mama asubiri wiki mbili tu? Ni mtu mwelewa.

Shangazi_Tandika

Muuza samaki anaamka saa tisa usiku kwenda kugombea ndoo Feri. Wiki mbili zake si zako.

Jicho_la_Tatu

Wakuu samahani niwakate. Mmenasa kwenye chai ya maziwa na vitumbua.

Rudini juu msome. iPhone 11, "nikachomeka chaja ya mume wangu, yeye ana Samsung". Hizo Samsung za sasa chaja yake ni Type-C. iPhone zilianza kutumia Type-C kwenye 15, mwaka 2023. Ya 11 ina tundu lake jembamba. Alichomeka wapi? Halafu angalieni, kajiunga juzi. Kaanza na simu, watu walipopoa kaleta tapeli, walipopoa tena kaleta mchezo. Kesho ataleta namba ya kuchangia.

Ngosha_wa_Ziwani

Duh. Hapo kwenye chaja sikupaona.

Mtumishi_Mwema

Na mimi nilishaanza kumwombea.

Mama_Vitenge

@Jicho_la_Tatu kuna kikichwa kidogo cheupe cha kubadilishia, unakivalisha kwenye ncha ya waya. Kipo sebuleni, kimefungwa uzi kwenye chaja kisipotee. Nilinunua 3,000. Nimejiunga juzi kwa sababu sikuwa na wa kumuuliza bila habari kufika mtaani. Sijaomba shilingi ya mtu na sitaomba.

Fundi_wa_Aggrey

Vikichwa hivyo nauza kila siku, viko kwenye kopo hapa mezani.

Jicho_la_Tatu

Kikichwa nakubali. Mengine bado. Apige picha hiyo risiti, afiche majina.

Shangazi_Tandika

Kijana, mtunga hadithi hajui kwamba jina la anayepokea huzungushiwa wino mwekundu. Mimi nalizungushia miaka tisa. Muache afanye la kufanya, siku zinakwenda.

Karisa_wa_Kongowea

Mama Vitenge, hiyo risiti ya mkono si ya mashine ya kodi, haitakusaidia sana. Mfuate kijana mezani kwake kesho, uende na mtu mzima. Mwambie wataka pesa, usimwambie kwa nini. Akizungusha, muende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa muandikishane.

Mama_Vitenge

Mrejesho. Leo Ijumaa.

Jumanne nilikwenda Kariakoo na mume wangu. Ilibidi nimwambie kwanza, na usiku ule sitauelezea hapa. Kijana alitupa 750,000 pale pale. 450,000 ameandikisha kwa mwenyekiti kuilipa tarehe 30. Nilimuuliza kuhusu tundu la laini za Dubai, akasema atanitafutia "yenye tundu". Hapo nikajua hajui anachouza.

Jumatano jioni niliwaita wenzangu kumi na mmoja, nikatandika mkeka uani, nikaweka daftari katikati nikasema yote. Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Yule mama wa samaki alikuwa anavua magamba kwenye kucha zake huku nikiongea, hakuniangalia.

450,000 iliyopungua nimetoa vitenge 30 kwa muuzaji wa jumla, 15,000 kila kimoja, bei ya hasara. Leo asubuhi nimemkabidhi 1,200,000 yake mbele ya watu, akahesabu mara mbili. Daftari wamelichukua, sasa analo mama wa nyumba ya tatu. Sikubisha.

Septemba sitaisubiri, nitakuwa nalipa mengine. @Fundi_wa_Aggrey ile elfu 80 ninayo. Unafungua saa ngapi?

Fundi_wa_Aggrey

Saa tatu. Picha za wateja zihamishe kwanza leo usiku, usije nazo. Chaji ipunguze hadi asilimia 20 kabla hujaja, sifungui betri iliyojaa. Na kile kikichwa njoo nacho nikikague, vya 3,000 vingine vinaunguza.