Kuhamishia utengenezaji wa programu-jalizi ya WordPress kwenye kipakatalishi

Fundi_Kasarani:
Hamjambo wenzangu. Ninamtengenezea mama mmoja anayeuza vitenge Eastleigh programu-jalizi (plugin) ya WooCommerce, yaani mfumo wa duka la mtandaoni ndani ya WordPress, itakayokokotoa gharama ya kumfikishia mnunuzi mzigo kulingana na mtaa wake, kwa kuwa wa Kawangware na wa Kitengela hawawezi kutozwa sawa. Hadi sasa nimekuwa nikihariri faili moja kwa moja kwenye seva yake. Jumamosi nilisahau nukta-mkato moja tu, na duka zima likabaki na sentensi moja ya kutangaza hitilafu, huku mwenyewe akipigiwa simu na wateja kwa karibu saa nzima. Sitaki kumtia tena hasara ya namna hiyo. Nina kipakatalishi chenye RAM ya GB 8 na XAMPP tayari (kifurushi cha kuendeshea seva ya majaribio kwenye kompyuta yako), nianzie wapi?

Mhunzi_wa_Wavuti:
Pole sana. XAMPP inakutosha. Unda hifadhidata tupu kwa phpMyAdmin inayokuja nayo, weka WordPress ndani ya htdocs, folda ambamo XAMPP husoma tovuti, kisha ufungue folda ya kazi yako ndani ya wp-content/plugins. Faili yako kuu ya PHP ianze na maelezo yenye mstari wa "Plugin Name:", kwa sababu bila mstari huo WordPress haitaitambua kabisa.

Katika Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, hifadhi folda ya programu-jalizi peke yake. Nimeona wengi wakipandisha WordPress nzima pamoja na wp-config.php, faili ya mipangilio yake, na nywila ya hifadhidata ikawa imeanikwa hadharani. Ndani ya wp-config.php hiyo hiyo, weka WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG kuwa true. Makosa yote yatajiandika katika wp-content/debug.log, nawe utayasoma kwa utulivu kabla mteja hajayaona.

Dada_wa_Ngong_Road:
Nakubaliana nawe kuhusu Git, lakini kwa XAMPP ni rahisi toleo la PHP la kwako kutofautiana na la seva, kisha kilichofanya kazi nyumbani kikakataa kwa mteja. Mimi hutumia wp-env, zana ya kuwasha WordPress ya majaribio, inayohitaji Node.js (ya kuendeshea JavaScript nje ya kivinjari) na Docker (ya kuendeshea programu ndani ya kontena zilizotengwa). Faili moja, .wp-env.json, hutaja toleo la PHP na programu-jalizi nyingine unazozitegemea, WooCommerce ikiwemo. Ukiandika "wp-env start" ukiwa ndani ya folda yako, tovuti inakungoja kwenye localhost:8888. Mara ya kwanza hupakua data nyingi, kwa hiyo usiifanye kwa bando la simu. Pia Docker hula RAM. Funga vichupo vya kivinjari usivyovihitaji.

Fundi_Kasarani:
Asanteni sana. Nimeanza na XAMPP baada ya kuhakikisha kwamba toleo la PHP linalingana na la seva. Hata hivyo, nikiiwasha programu-jalizi, WordPress inalalamika kwamba imetoa herufi 3 zisizotarajiwa, ilhali sioni chochote kabla ya <?php, alama inayofungua msimbo wa PHP.

Mhunzi_wa_Wavuti:
Idadi hiyo ya 3 ndiyo inayonipa jibu. Kihariri chako kimehifadhi faili kwa UTF-8 (mfumo wa kusimba herufi) yenye BOM, yaani baiti 3 zisizoonekana zinazotangulia maandishi yote, na PHP huzituma kwenye kivinjari kama zilivyo. Ihifadhi upya kwa UTF-8 isiyo na BOM, uizime programu-jalizi, kisha uiwashe tena.

Fundi_Kasarani:
Imekubali, na debug.log haina kitu. Sasa naingiza orodha ya mitaa.