Mliosoma komyuniti koleji wakati wa kiangazi huku Marekani, tupeane uzoefu

Dada wa Houston (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Kila Mei ikikaribia napigiwa simu na wadogo zetu walioingia vyuoni huku: "Dada, likizo yote hii nifanye nini?" Jibu langu halibadiliki. Piga kazi, lakini tafuta na somo moja komyuniti koleji (chuo cha jamii cha miaka miwili), ulihamishie chuoni kwako. Naanza na yangu, nanyi mmwage ya kwenu.

Nilikuwa chuo kikuu cha umma hapa Texas, nasomea uhasibu. Sheria ya jimbo hili inamtaka kila mwanafunzi wa digrii ya kwanza kwenye vyuo vya umma asome kredi (vipimo vya uzito wa somo) 6 za historia ya Marekani na kredi 6 za siasa na serikali, ikiwemo katiba ya Texas yenyewe. Uwe wa uhasibu au wa muziki, huruki. Mimi nimesoma Uraia nyumbani Tanzania. Habari za jimbo lenye katiba yake na bunge lenye kikao cha kawaida mara moja kila miaka miwili zilikuwa mpya kabisa kwangu. Nikaona nikilichanganya somo hilo na kodi na ukaguzi wa hesabu nitazama.

Nikalisogeza kiangazi, kwenye koleji iliyo karibu na nilipokuwa naishi. Wiki 5, Jumatatu hadi Alhamisi, zaidi ya saa mbili kila siku. Ada ya kredi moja haikufika nusu ya ile ya chuoni kwangu. Tulikuwa wachache darasani, na mwalimu alikuwa ananijua kwa jina tangu wiki ya kwanza. Texas vyuo vingi vina namba za masomo zinazofanana, kwa hiyo GOVT 2306 niliyosoma pale ilipokelewa bila maswali. Septemba nikaingia na masomo manne badala ya matano, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Marekani nikawa nalala usiku.

Msomaji wa Minnesota

Asante sana dada. Mimi ni Mkenya, nilikuja na green card, nikaanza na CNA (msaidizi wa muuguzi, kutunza wazee) kama wengi wetu. Ili niombe nafasi ya uuguzi nilihitaji Anatomia na Fiziolojia ya kwanza na ya pili, na ya pili huigusi kabla ya ya kwanza. Ningengoja Septemba, ombi langu lingesogea mwaka mzima. Nikachukua ya kwanza kiangazi.

Wiki 8 zile sitazisahau. Naingia shifti saa tano usiku, natoka saa moja asubuhi, saa mbili niko maabara. Somo la wiki 16 limebanwa likaingia wiki 8, kwa hivyo kila wiki unasoma ya wiki mbili. Jumatatu mnaanza mifupa ya mkono, Alhamisi ni mtihani. Pale kwenye kifundo cha mkono pekee kuna mifupa midogo 8. Nilivaa glavu ya kazini mkono wa kushoto, nikaichora yote 8 kwa kalamu nyeusi, kila mmoja mahali pake. Wazee wakilala, naketi kwenye korido naigusa mmoja mmoja: skafoidi, lunati, trikwetramu... Kulikuwa na mzee mmoja niliyekuwa nikimgeuza kitandani saa nane usiku, alikuwa mwalimu zamani zake. Alipoiona ile glavu akataka kujua ni ya nini. Tangu siku hiyo nikiingia chumbani ananyoosha kiganja chake mwenyewe na kusema, "Haya, tuanze."

Nilipata A. Leo mimi ni RN (muuguzi aliyesajiliwa), na bado naikumbuka mikono ya yule mzee.

Ushauri wangu: kama unafanya kazi usiku, usichukue sayansi mbili kiangazi kimoja. Moja inatosha.

Mchangiaji wa Ohio

Langu ni la kuumiza, ila lisemwe ili mwingine asiangukie hapo. Nilisoma aljebra koleji nikiamini hesabu ni hesabu. Chuo kikuu changu (sitakitaja) kikazipokea kredi 3 kama za somo la hiari, kwa sababu fani ya biashara pale inataka kalkulasi. Pesa na kiangazi vyote vikaenda. Niliuliza kwa mdomo tu dirishani, nikaambiwa "itakubalika." Kukubalika ilikubalika, ila haikunisaidia kitu.

Sasa kila anayeniuliza namwambia: mwandikie mshauri wa masomo wa kule *unakozipeleka* kredi, kabla hujalipa. Muulize somo hili litachukua nafasi ya somo gani, akujibu kwa maandishi. Tunza na silabasi. Jueni pia kwamba vyuo vingi vinapokea kredi bila kuhesabu alama yako kwenye GPA (wastani wa alama), na ukipata chini ya C mara nyingi hata hizo kredi hupati.

Mwana wa Uvira (Kongo), aliye Kentucky

Jambo wandugu. Mimi nilitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, nikaletwa hapa kama mkimbizi. Shule yote nilisoma kwa Kifaransa, na Kiingereza kilinisumbua sana. Kiangazi cha kwanza nilisoma kuandika Kiingereza, asubuhi tu, mchana niko kazini. Mukumbuke, mkimbizi anaruhusiwa kujaza FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali). Na tangu 2017 Pell (ruzuku ya serikali isiyorudishwa) inaweza kulipa kiangazi hata kama umekwisha kutumia yote ya mwaka, ila lazima uchukue angalau kredi 6. Kitu kimoja cha kuangalia: kila kiangazi kinakula kwenye jumla yako, na jumla ni sawa na semista 12 maisha yote.

Mgeni wa F-1

Je, sisi wa viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni)? Naogopa kuharibu hadhi yangu. Na nikishindwa katikati naweza kujitoa?

Dada wa Houston

Mdogo wangu, kredi 12 unadaiwa semista ya masika na ya vuli. Kiangazi kikiwa likizo yako ya mwaka na unarudi chuoni baadaye, hata somo moja ni ruksa. Anayelazimika kubeba mzigo kamili ni yule anayeanza programu yake kiangazi. Hata hivyo mwone ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako kwanza, usitegemee maneno ya humu peke yake. Pell wewe huipati, na koleji itakutoza ada ya mgeni, kwa hiyo piga hesabu. Kujitoa inawezekana, ila siku za kurudishiwa ada yote kiangazi ni chache mno, wakati mwingine zinaisha wiki ya kwanza haijaisha. Andika tarehe hiyo ukutani siku unayojisajili.

Mgeni wa F-1

Shukrani dada. Nimewaandikia ofisa na mshauri jioni hii, nimewatumia na silabasi. Wakinijibu nitarudi hapa kuwaambia.