Kupandisha levo: pointi, hatua za hadithi au ujuzi unaotumika? Wachezaji wa Arusha na Moshi tushauriane

MwongozajiNjiro

Wakuu, habari za jioni. Tuna meza yetu hapa Njiro, mimi mwongozaji na wachezaji watano, tunacheza Dungeons & Dragons toleo la 5, mchezo wa hadithi na dadu ambao kila mmoja anaigiza mhusika anayepanda levo, yaani daraja la nguvu. Wawili kati yao ni waongoza watalii. Kuanzia Juni hadi Oktoba wako Serengeti na Ngorongoro na wageni, mezani tunawaona kwa nadra. Sisi tunahesabu pointi za uzoefu kama kitabu kinavyoelekeza: goblini mmoja, dubwana dogo, ana pointi 50, jumla wanagawana walioshiriki pambano. Matokeo yake watatu wameshafika levo ya 5 na hao wawili wamebaki levo ya 3.

Kwa asiyejua ukubwa wa pengo hilo: levo ya 3 inaanzia pointi 900, ya 5 inaanzia 6,500. Mpiganaji akifika levo ya 5 anashambulia mara mbili kwa zamu moja. Mchawi anaanza kurusha mpira wa moto, dadu nane za pande sita, na mwenzake wa levo ya 3 akiwa karibu na mlipuko anaweza kuanguka papo hapo.

Juzi mmoja wao aliniuliza waziwazi kama nawapendelea wanaobaki mjini. Ni swali la haki na linanisumbua. Nafikiria njia tatu: tubaki na pointi ila wote wapate sawa hata asiyekuwepo, tuache pointi, tupande levo hadithi inapofika hatua kubwa, au tuhamie mfumo ambao mhusika anakua kwa kile anachokitumia. Mmepitia ipi, na wachezaji wenu waliiamini?

DadaSanawari

Kaka, nenda na hatua za hadithi. Meza yangu iliacha pointi na mchezo ukabadilika siku ileile. Zamani tukikuta walinzi wanne getini, kila mtu alishika upanga, maana kuwapita kimya kimya kulionekana ni kuacha pointi njiani. Sasa watu wanaongea na walinzi, wanawahonga, wanapita dirishani.

Ila kuna sharti moja, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tangaza hatua mapema. Waambie: mkivusha msafara hadi ng'ambo ya jangwa mnapanda levo. Ukikaa kimya halafu siku moja useme "haya, mmepanda", inakuwa zawadi yako. Na zawadi inamfanya mchezaji akuangalie usoni badala ya kuangalia mchezo.

MzeeWaMajengo

Wanangu, mnaongelea pointi kana kwamba siku zote zilitokana na kuua. Katika toleo la kwanza kabisa la mchezo huu, la Gary Gygax na Dave Arneson, 1974, sarafu moja ya dhahabu ukiifikisha salama ilikuwa pointi moja, na sehemu kubwa ya pointi ilitoka kwenye hazina. Dubwana lilikuwa na uwezo wa kukumaliza, kwa hiyo mchezaji mwenye akili alilikwepa akabeba sanduku. Pointi ni maagizo. Unacholipia ndicho watakachofanya.

Na kuhusu kupishana levo, zamani halikuwa jambo geni. Kwenye kanuni za mchezo huohuo za 1981 mhusika mwizi alihitaji pointi 1,200 kufika levo ya 2, mpiganaji 2,000, mchawi 2,500. Wote wamecheza siku zilezile, na bado levo zao hazilingani. Hakuna aliyenung'unika kwa sababu jedwali lilikuwa wazi kwa wote, na sarafu zilihesabiwa mezani kila mtu akiona, kama kikoba kinavyohesabu hisa.

Kwa hiyo MwongozajiNjiro, kabla hujabadili mfumo jiulize: pointi zako nani anaziandika, na wenzako wanaliona daftari?

MpandaKibo

Shikamoo mzee. Naomba niongee kama mtu anayekosekana. Mimi ni mpagazi, niko Moshi. Njia ya Machame ya Kilimanjaro peke yake ni siku 6 au 7, na msimu ukichanganya nashuka leo, keshokutwa napanda na kundi lingine.

Levo iliniuma kidogo tu. Kilichoniuma zaidi ni kurudi na kukuta mhusika wangu amechezwa na watu wengine. Dawa zake zote za kuponya zimeisha, amemtukana mfalme ambaye mimi nilikuwa namtafutia urafiki, na kwenye karatasi yangu kuna mwandiko nisioujua. Nilikaa pale nikicheza mtu nisiyemfahamu.

Tulikubaliana mambo mawili na yamedumu. Asiyekuwepo, mhusika wake anabaki mjini, haguswi. Na levo ni moja kwa wote. Watu wanaogopa kwamba ukimpa asiyekuja atazoea kutokuja. Hata mwongozo rasmi wa mwendesha mchezo wa toleo la 5 unalizungumzia hili, na unasema ni wachache watakaoacha raha ya kucheza eti kwa sababu pointi watazipata tu. Nakubaliana nao kabisa. Mimi nikiwa kambini Barafu sifikirii pointi, nafikiria meza.

FundiKaratasi

Niongelee ile njia ya tatu maana naona imeachwa. Ilianza kujulikana na mchezo wa RuneQuest mwaka 1978, ikaingia mchezo wa Call of Cthulhu mwaka 1981, ambayo ndiyo tunacheza huku Kijenge. Ukifanikiwa kutumia ujuzi kwenye jambo zito, unaweka alama ya vema pembeni yake. Muda wa kukua ukifika unarusha dadu za asilimia (1 hadi 100), na ili ukue lazima uuzidi ujuzi ulionao. Mwenye 30 kwenye kutafuta maktabani anakua kirahisi. Mwenye 80 anarusha mara nyingi bure. Ukifaulu, katika toleo la 7 unarusha dadu ya pande kumi na kuongeza.

Uzuri wake ni kwamba mwongozaji hana mkono pale. Kila mtu anarusha wazi, meza nzima inashangilia. Ubaya wake, baadhi ya wachezaji wanaanza kutafuta kisingizio cha kutumia kila ujuzi ulioko kwenye karatasi ili wakusanye vema. Na kwa tatizo lako halisaidii hata kidogo: aliyeko Serengeti hakutumia chochote, kwa hiyo hakui.

Pasua_21

Naongeza mchezo mwingine, Dungeon World. Ukirusha dadu ukapata jumla ya 6 au chini, unaandika pointi moja. Mchezo ukiisha mnaulizana kwa sauti: tumejifunza jambo jipya na la maana kuhusu dunia hii? Tumelishinda dubwana la maana? Kila ndiyo ni pointi kwa wote waliopo. Sikubaliani na DadaSanawari kwamba pointi lazima zilete umwagaji damu, inategemea zinatolewa kwa nini.

DadaSanawari

Hapo umenishika, Pasua. Ila kwake yeye aliye kwenye toleo la 5 bado hatua ni nyepesi zaidi kuendesha.

MwongozajiNjiro

Asanteni sana. Mzee, jibu la swali lako: daftari naliandika mimi, nalitunza mimi, hakuna aliyewahi kuliomba wala sijawahi kulifungua mezani. Naanzia hapo. Nachukua hatua za hadithi zilizotangazwa, levo moja kwa wote, na wahusika wa wasiokuwepo hawaguswi.

Linalobaki ni hao wawili. Niwapandishe levo ya 5 mara moja? Na wale watatu waliozitolea jasho hawataona wameonewa?

MzeeWaMajengo

Waulize watatu wenyewe, wale wawili wasiwepo, ili anayepinga aseme bila kuona aibu. Wakisema hapana, sikiliza sababu.

MpandaKibo

Wakikubali, usiwarushe kutoka 3 hadi 5 usiku mmoja. Wape mchezo mmoja wakiwa levo ya 4 wazoee karatasi zao, halafu 5. Mmoja akiwa mchawi atahitaji muda wa kuchagua uchawi mpya, mpe orodha mapema kwenye simu, ataisoma jioni kambini wageni wakishalala.

MwongozajiNjiro

Ni mchawi kweli. Yuko Ndutu hadi Alhamisi, mtandao ukimfikia namtumia leo.