Mrejesho: Vitalu vya maua mbele ya nyumba, Kisauni

Wapendwa, mwezi wa tatu niliwauliza nifanye nini na vitalu vya maua mbele ya nyumba yetu Kisauni: udongo mgumu, iksora zimekuwa manjano, mgeni akifika anaona ukiwa.

Aliyesema tatizo ni udongo alisema kweli. Nilichimba futi moja tu, nikakuta mawe ya matumbawe. Udongo wa namna hiyo una chokaa nyingi, na iksora hushindwa kufyonza madini ya chuma; ndiyo maana majani yaligeuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Nami miaka miwili nazidisha maji bure! Iksora mbili zilizosalia nimezihamishia kwenye vyungu vyenye mboji. Vitaluni nimechanganya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, nikapanda bogenvilia ukutani na asumini karibu na baraza, kisha nikatandaza majani makavu. Masika yakamalizia kazi.

Ukingo nimeupanga kwa mawe yaleyale niliyochimba. Jioni asumini zikifunguka, mama hutoa kiti chake nje, jambo ambalo halikuwapo. Aliyenishauri ning'oe kila kitu, uniwie radhi: mrehani wa bibi sikuugusa.