Mtoto wa jicho: mama hataki kupasuliwa mpaka "liive", na sijda itakuwaje?

mpemba_wa_mjini:
Asalaam aleykum jamani. Mamaangu yuko Wete, sabini na kitu, jicho la kulia mboni ishafanya weupe na la kushoto nalo lina ukungu. Mwanzo tulifurahi maana ghafla alikuwa anasoma msahafu bila miwani tukasema macho yamerudi ujana kumbe wapi, skuizi usiku taa za gari anaona miale tu, na karafuu akichambua anachanganya na makonyo, vile vijiti vyake. Hospitali wamesema mtoto wa jicho, apasuliwe. Hataki. Anasema watu wa zamani waliambiwa wangoje liive kwanza, na jirani kashamletea asali ya kutia jichoni. Ila linalomtisha khasa ni sala, kasikia ukipasuliwa husujudu wala hutii maji ya udhu. Na anauliza jicho linatolewa nje likarudishwa?? Wenye wazee waliofanya nielezeni, mie niko Unguja naongea nae kwa simu tu

nesi_macho:
Waaleykum salaam. Asali asitie kabisa, jicho litaoza bure kwa vijidudu. Iko hivi, nyuma ya mboni kuna lenzi, protini zake zikigandana inafanya ukungu, na hakuna matone wala kidonge cha kuusafisha, ni kuitoa tu. Huko kusoma bila miwani ni kwa sababu lenzi ikianza kuwa ngumu katikati inavuta vitu vya karibu, haidumu. Kungoja liive ilikuwa na maana zamani, sasa wapi, likiiva sana linakuwa gumu kutoa na linaweza kuvimba likapandisha presha ya ndani ya jicho.
Na jicho halitolewi nje jamani. Anatiwa ganzi yuko macho, linatobolewa pembeni tundu dogo, lenzi chafu inatoka, kile kiganda chake cha nyuma kinabakishwa na ndani yake inapachikwa lenzi ya plastiki. Mara nyingi hata uzi hamna na si kazi ya saa nzima. Kabla ya hapo watalipima jicho wajue lenzi ya nguvu gani, na sukari na presha pia.

yakhe_ng'ambo:
Mzee wangu alifanya hospitali ya Mnazi Mmoja. Yakhe siku alofunguliwa bandeji kitu cha kwanza kasema kumbe kanzu yangu hii ina madoa yote haya na mlikuwa mkinitizama tu 😂 Kazi iko kwenye matone baada ya hapo, mara kadhaa kwa siku kwa wiki kadhaa, wazee wanasahau, mtafute mjukuu mmoja ndo awe na zamu hiyo. Asisugue, alale na kile kikinga, asibebe ndoo. Na moshi wa kuni jikoni mzee wetu ulikuwa unamtesa

bint_chake:
Mi naogopa kusema lakini jirani yetu alifanya na haoni kitu mpaka leo. Halafu hiyo plastiki haiozi humo ndani?

nesi_macho:
Bint, haiozi. Daktari Harold Ridley alipachika ya kwanza London 1949, baada ya kuona marubani wa vita vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vimebaki machoni na jicho halivikatai. Jirani yenu huenda nyuma ya jicho kulishaharibika, sukari au presha ya jicho, hiyo ikishaua sehemu ya nyuma inayoonea lenzi mpya hairudishi kitu, ndo maana wanapima kwanza. Wapo pia wanaoona vizuri halafu baada ya miezi au miaka ukungu unarudi, ni kile kiganda, kinatobolewa kwa leza dakika chache basi. Ila mtu akipata maumivu makali, wekundu au uoni ukashuka baada ya operesheni arudi siku ile ile asingoje kesho.

ustadhi_mtaani:
Ya sala asihofu. Mgonjwa anasali kwa kukaa na kuashiria kwa kichwa rukuu na sijda bila kuinamisha mwili, mpaka daktari amruhusu. Maji yakikatazwa jichoni anaosha viungo vyengine na pale pasipooshwa kuna kupaka na tayammum, yaani kutumia udongo safi badala ya maji, sheikh wa msikiti wenu atamfundisha utaratibu. Na ikikutia Ramadhani, kwa madhehebu yetu ya Shafi matone ya jicho hayafunguzi hata ukihisi uchungu kooni.

mpemba_wa_mjini:
Allah awalipe. Nimemsomea yote kwa simu, ya sijda ndo imemlegeza. Sasa anataka yote mawili siku moja amalize 🤦🏾‍♂️

nesi_macho:
Kwa kawaida moja kwanza, lile baya zaidi, likishapoa ndo la pili. Ana sukari huyo? Kama anayo asiache vidonge vyake, na aende navyo vyote ndani ya mfuko daktari avione.

mpemba_wa_mjini:
Anayo ndio. Sawa, mdogo wangu atampeleka Jumatatu